Rota Namba 14

Jumapili, 3 Machi

Leo nimelifurahia gari kuanzia saa kumi kamili hadi saa kumi na dakika hamsini. Ratiba inasema saa nzima. Dakika kumi zimeliwa na mke wangu, aliyetandaza vitambaa vya sare za shule juu ya boneti vikauke, eti gari limekaa tu. Limekaa tu! Gari la spoti, viti viwili, paa la turubai, limenizidi umri kwa miaka mitatu, na yeye analiona kamba ya kuanikia nguo.

Naandika utaratibu ili usipotee. Gari la zamani halifumuliwi siku ya kwanza. Kwanza unaliendesha miezi sita, unalifurahia, na kila ubovu unauandika. Ukilifumua haraka hutajua lilikuwa linaumwa nini. Hayo ni maneno ya Fundi Usijali, tunayemwita hivyo kwa sababu hana jibu jingine. Nipo mwezi wa tano wa kufurahia. Orodha ya ubovu imefika 61. Huo wa 61 ni wa leo: nikikata kona ya kushoto, honi inajipigia yenyewe. Mama mmoja mwenye ndoo aliruka mtaro na kunitukana mpaka nikapotea machoni pake. Nimeandika honi. Matusi sikuyaandika, ingawa yalikuwa marefu.

Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kitu hakipiti mikononi mwangu bila alama. Kila kipande cha gari hili kinachotoka nimekichora kwa ncha ya msumari, upande wa chini: msalaba, kisha namba. Pampu ya mafuta, 9. Rota, 14. Vipuri vya gari hili havipatikani dukani, na watu wana mikono mirefu.

Mji mzima una magari mawili ya aina hii. La pili ni la Daktari wa Meno. La kijani. Yeye huliendesha Ijumaa, mimi Jumapili. Miezi mitano, hatujawahi kukutana barabarani hata mara moja. Ananikwepa. Mwoga.

Jumatatu, 4 Machi

Fundi Usijali amekuja alfajiri kulipumzisha gari, kama kila Jumatatu. Jumamosi huja kulisikiliza, Jumatatu huja kulipumzisha. Hunituma kitambaa, nikirudi kashafunga boneti na mfuko wake uko begani. Anasema injini kongwe ni kama babu aliyelala, haiamshwi ovyo. Huo ni utaratibu, na utaratibu nauheshimu. Mfuko wake ulionekana mzito kuliko alivyoingia nao. Vifaa vya ufundi ni vizito.

Kabla ya kuondoka akanipa salamu za Daktari. Daktari anasema la kijani linapanda mlima wa hospitali kwa gia ya tatu. Langu linapanda kwa gia ya pili, tena kwa kulia. Damu ilinichemka. Nikamwambia Fundi amjulishe kwamba langu pia linapanda kwa gia ya tatu. Akasema usijali mzee, nilishamwambia ya nne.

Jioni mvua ya upepo. Vyerehani viwili vya mke wangu viko barazani, na sare kumi na moja zimelowa. Aliingia sebuleni na ile sauti yake ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. Akasema, baba watoto, banda la gari ni kavu na mimi nashona mvuani. Nikamweleza kuhusu Jumamosi. Kuna maonyesho ya magari ya zamani uwanja wa mpira, na gari letu limeandikishwa. Akasema vizuri, basi watu waamue. Likienda uwanjani kwa miguu yake na likaonyeshwa, lirudi bandani na hatalitaja tena. Likikataliwa, au likitoka humu kwa kusukumwa, lisirudi. Banda liwe lake.

Nimekubali. Nilikubali kwa hasira, na sasa natamani ningekubali polepole.

Jumatano, 6 Machi

Nimerudi kutoka kazini mapema nikafanye mazoezi ya kulitoa gari bandani kinyumenyume. Nikazungusha ufunguo. Injini inazunguka, haishiki. Mara thelathini na moja, nimehesabu. Mke wangu alikuwa barazani anashona, na kila nilipozungusha alisimamisha cherehani, akasikiliza, akaendelea.

Nikaenda gereji kwa Fundi Usijali kwa miguu, nikiwa nimevimba. Akaniuliza leo siku gani. Nikasema Jumatano. Akasema basi. Akanieleza mbele ya wateja wake kwamba gari limepumzika na mimi nimelipigia kelele. Nisilishike tena mpaka Jumamosi saa moja asubuhi, atakuja mwenyewe kuliamsha. Nikamuuliza kama na la Daktari huwa linapumzishwa. Akasema yote yanapumzika mzee, asiyepumzika ni wewe. Wateja wakacheka. Mmoja wao ana pikipiki isiyo na taa, na yeye pia alicheka.

Nikirudi nyumbani nikapita uwanjani kusoma tangazo la maonyesho vizuri, maana mara ya kwanza nilisoma tarehe tu. Kipengele cha saba: kila aina ya gari, gari moja tu, nafasi ni finyu. Magari mawili yakifanana, waamuzi watachagua.

Nimesimama mbele ya lile tangazo nikilisoma upya. La kijani lina rangi mpya. Langu jekundu limepauka mpaka mashavuni linafanana na samaki mgonjwa. Nani atachaguliwa? Na nani atarudishwa nyumbani, kwa mke wangu, kwenye vyerehani?

Na hapohapo, kama aliyeitwa, Daktari akatokea kwa miguu na mkoba wake. Anatabasamu muda wote yule mtu, nadhani ni kutangaza biashara. Akaniita ndugu yangu wa viti viwili. Akasema tutaonana Jumamosi uwanjani, usichelewe. Akanipiga bega.

Usichelewe. Amenitia kidole jichoni na kukizungusha.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeomba ruhusa kazini saa mbili za kufikiri. Mpango uko tayari.

Gari la kijani lisiwake Jumamosi. Bila kuumiza mtu, bila kutoboa tairi, mambo ya kihuni hayo. Litolewe kitu kimoja kidogo. Nimechagua rota. Ni kipande cha plastiki kisichozidi dole gumba. Kinakaa ndani ya distributa, kinazunguka na kugawa moto kwa kila plagi. Bila hicho injini itazunguka mpaka betri ife, na mwenye gari hatajua kwa nini. Kinaingia mfuko wa shati.

Kesho Ijumaa Daktari ataenda kliniki na gari lake. Huliegesha nyuma, penye kibaraza. Nitaenda kama mgonjwa. Nitaumwa jino, gego la kulia, juu. Nimefanya mazoezi ya uso mbele ya kioo. Mke wangu amepita akaniuliza kama tumbo linanisumbua. Nimerekebisha.

Nimeandika pia la kusema nikikutwa: natafuta upepo. Nimelisema mara kumi hadi likatoka bila aibu.

Ijumaa, 8 Machi

Imetimia. Nayaandika haya kwa mdomo uliokufa nusu, lakini imetimia.

Saa tano nilikuwa kliniki, mkono shavuni. Daktari alinipokea kwa furaha iliyonichefua. Nikamwonyesha gego la kulia. Akagonga kwa kile kichuma chake, akasema hilo ni zima kama jiwe. Akaendelea kugonga akizunguka mdomo. Alipofika kushoto, chini, nikaruka kitini. Akasema hili ndilo, limeoza hadi kwenye mzizi, nashangaa maumivu yako yamehamia ng'ambo. Hata mdomo wangu mwenyewe uko upande wake.

Akanidunga sindano ya ganzi. Akasema nikakae kibarazani nyuma dakika kumi na tano mpaka ikolee.

Kibarazani nyuma! Ningeomba nini zaidi? Gari lilikuwa hatua sita mbele yangu, boneti bado ina joto. Nikafungua. Vibanio viwili vya distributa, kimoja kulia, kimoja kushoto. Nikanyanyua kifuniko, nikachomoa rota, nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Dakika tatu. Mpokea wagonjwa akachungulia, akaniuliza nafanya nini pale. Nikataka kusema natafuta upepo. Ganzi ilikuwa imekolea. Kilichotoka sijui kilikuwa nini, lakini alinihurumia akaniletea kiti.

Jino likang'olewa. Nilikaa pale na rota yake kifuani mwangu huku yeye ananishikilia taya na kuniambia mimi ni jasiri. Akakataa malipo. Akasema sisi ni ndugu wa gari. Nimeondoka nimekasirika kuliko nilivyoingia.

Nyumbani nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikaweka rota juu ya jiwe la kufulia, nikaiponda kwa nyundo. Mara saba. Moja kwa gia ya tatu. Moja kwa usichelewe. Moja kwa kile kicheko cha gereji, ingawa hakikuwa chake. Zilizobaki za jino. Sikuitazama hata kidogo. Mali ya adui haitazamwi, inapondwa.

Mke wangu akauliza kutoka barazani ninaponda nini. Nikasema msumari uliopinda. Akasema msumari unanyooshwa, haupondwi. Nimelala mapema, shavu limevimba, moyo mweupe.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili nililipangusa gari. Nilivaa shati la mikono mirefu na kofia. Majirani walishajua, wakaja na viti vyao. Mke wangu akasimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni, utepe wa kupimia shingoni.

Saa moja Fundi hayupo. Saa moja na robo hayupo. Uwanja unafungwa saa tatu. Nikasema sihitaji mtu wa kuniamshia gari langu. Nikaingia, nikazungusha. Inazunguka, haishiki. Nikazungusha tena. Jirani mmoja akasema mafuta. Mwingine akasema betri. Mwingine, mstaafu wa posta, akasema gari limekufa, tulizike kwa heshima.

Saa mbili kasoro kumi Fundi Usijali akaja na baiskeli, macho mekundu, shati limegeuzwa. Akanivuta pembeni. Akasema, mzee, kuna mwizi mjini. Jana mchana mtu kafungua gari la Daktari akachukua rota. Nikafanya uso wa kusikitika, nusu ya uso kwa sababu ya jino. Nikasema mtu kama huyo afungwe. Nikasema watu hawana utu siku hizi. Kisha nikasema sawa, poleni, sasa niamshie langu.

Akakaa chini. Kwenye mchanga, na nguo zake.

Akasema, mzee, ile rota ni yako.

Amenieleza yote akitazama miguu yangu. Rota ya Daktari ilipasuka mwaka jana. Nyingine haipatikani. Daktari anaendesha Ijumaa tu, mimi Jumapili tu. Kwa hiyo Jumatatu anatoa yangu, anaweka kule. Jumamosi anatoa kule, anairudisha kwangu. Rota moja, wazee wawili, wote wana furaha. Hakuna aliyewahi kulalamika miezi mitano, akasema, kama mtu anayedai shukrani. Leo asubuhi alikuwa ailete. Amezunguka maduka yote ya vyuma chakavu tangu alfajiri, hakuna kitu.

Nilikwenda nyuma ya tangi la maji. Nikapiga magoti. Vipande vilikuwa tisa. Cha sita kilikuwa na mwandiko wangu. Msalaba, na namba 14. Mwandiko mzuri, wa mtu aliyesoma.

Niliporudi, mke wangu alikuwa bado mlangoni mwa banda. Alitazama magoti yangu yenye udongo, akatazama kule tangini. Kisha akawageukia majirani, akawaomba kwa adabu wasaidie kusukuma. Walisimama wote kwa pamoja. Wanaume sita, na mstaafu wa posta akishika usukani kwa kuwa anaumwa mgongo. Kona ya kushoto ya lango, honi ikapiga yenyewe. Wakashangilia.

Lilipofika barabarani Daktari akatokea, kwa miguu, na kitambulisho kikubwa kifuani: MWAMUZI. Amekuja kuniuliza mbona nimechelewa. Yeye ni mwamuzi. Mwamuzi haruhusiwi kuleta gari. La kijani halikuandikishwa kabisa. Alikuwa amenitengea nafasi ya mbele, karibu na jukwaa, na amezuia mtu mwenye lori la zimamoto kwa dakika arobaini.

Sijui hasira hii niiweke wapi. Ni kubwa kuliko mimi.

Akaona gari liko barabarani halina pa kwenda. Akasema uani kwake kliniki kuna nafasi, lilale pembeni ya la kijani. Akaniuliza shavu linaendeleaje. Ilinibidi niseme asante, mbele ya watu kumi na tisa.

Jumapili, 10 Machi

Saa kumi jioni nimelifurahia gari langu katika ua wa mtu mwingine. Nimekaa ndani, limesimama. Dakika ishirini. Hakuna ubovu mpya.

Kuna habari njema, ziwekwe kwanza. Fundi Usijali amepata rota ya lori kuukuu. Ameichonga usiku kucha, anasema itakaa. Na mke wangu amelegeza kidogo. Jana jioni aliingiza vyerehani bandani, akagundua panabaki nafasi. Amesema gari likija lenyewe hadi mlangoni kesho kabla ya jua kuzama, litapewa nusu ya banda. Akaongeza, kwa ile sauti ya chini, kwamba baada ya kesho hakuna tena. Ataikodisha hiyo nusu kwa mshonaji mwenzake.

Kwa hiyo kila kitu kiko kesho. Nimepanga kwa makini mno.

Daktari amesema rota mpya iwekwe kwangu, yeye atasubiri. Amesema kwa tabasamu. Mimi si wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu hatoi rota bure. Ikifika Ijumaa atasema na mimi ni zamu yangu, na Fundi, kwa ule udhaifu wake wa kuwaridhisha wazee wawili, atampa. Nitarudi palepale.

Njia ni moja: gari la kijani lisiwe na haja ya rota.

Gari lisilo na kabureta, ile ya kuilisha injini mafuta na hewa, halina haja ya rota. Nimelifikiria hili tangu asubuhi na sijaona kosa.

Fundi alikuwa pale uani. Akaanza kusema, mzee, kuna na jambo jingine, kuhusu kabureta, ile yako tangu mwezi wa kwanza. Nikamkata. Nimesikia maungamo yake ya kutosha wiki hii. Nikamwambia nataka gari liwake kesho, hadithi zibaki kwake. Akasema usijali, akapanda baiskeli.

Daktari alipoingia ndani kuzungumza na mgonjwa aliyefura shavu, nikafungua boneti ya kijani. Nati mbili, mpira mmoja, waya mmoja. Dakika nane. Safari hii nimekuwa na akili. Sikuiponda nyumbani wala sikuacha vipande vya kuniumbua. Nimeitumbukiza katika shimo la choo cha zamani nyuma ya kliniki, lile refu, lenye mfuniko wa saruji. Nimesikiliza mpaka ikafika chini. Hakuna mkono utakaoifikia tena.

Jioni Fundi amenipigia simu. Rota iko tayari. Saa tatu asubuhi atakuwa pale uani. Ameniomba uvumilivu wa nusu saa tu, kuna kitu anatoa kwanza kwenye la kijani akiweke kwenye langu, kama anavyofanya kila Jumamosi, la sivyo haliwezi kuwaka.

Nimemwambia achukue chochote anachokitaka kwenye gari la Daktari. Asiniulize.